Msimamizi Wangu Alinitengea Kikombe, Sasa Yuko Mlangoni Kwangu

Admin, nifichie jina, maana Kisumu hii tunajuana. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Nyalenda. Kwa miaka minane nimekata minofu ya mbuta kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Kisu changu ni chepesi, na hata wanaonichukia hawawezi kukataa hilo.

Mwaka jana mume wangu aliugua, akafa. Tulipomaliza kuzika, wakwe walitaka nitakaswe kwa mila, yaani nipewe mwanaume. Nilikataa. Niliwaambia mimi ni mtu wa kanisa, na huzuni yangu haihitaji mwanaume wa kuifunga. Nikarudi kazini nikidhani hayo nimeyaacha huko kijijini.

Kumbe msimamizi wetu, tumwite Madam, alikuwa ameshasikia kila kitu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya shifti nzima, akanionyesha kwa kidole. "Huyu bado hajatolewa ile kitu ya kifo. Mimi sitaki mtu aniletee chira hapa. Mama, wewe utakaa kule." Chira ni laana ya kuvunja mila, na watu wetu wanaiogopa kuliko homa. Kule alikosema ni kando ya mapipa ya mgongo wazi, ile mifupa inayobaki minofu ikishatoka. Saa ya chai alichukua kikombe kimoja, akakipaka rangi yake nyekundu ya kucha, akasema hicho ndicho changu na mtu mwingine asikiguse. Nilinywea kikombe hicho miezi saba. Wenzangu niliokula nao miaka yote walianza kugeuza migongo. Nikipita, wanavuta aproni zao zisiniguse.

Nilienda kwa mtu wa HR nikilia. Hata hakuniambia nikae. "Mama, hiyo ni mambo ya mila, kampuni haiwezi ingilia. Si umalizane tu na wakwe zako?" Siku hiyo nilitaka kumtupia kitambulisho cha kazi usoni niende zangu.

Aliyenizuia ni wakili mmoja wa msaada wa bure, dada mdogo tu, tuliyekutana naye kanisani. Aliniambia, "Usiache kazi kwa hasira, hiyo ndio wanangoja. Andika kila siku: nani amesema, nani amesikia. Peleka malalamiko kwa barua na kopi yako igongwe muhuri." Alinieleza kwamba sheria hairuhusu mfanyakazi kubaguliwa kwa sababu ya ndoa yake au imani yake, na kwamba mila ya mtu haiwezi kuwa kanuni ya kazi. Barua nikaipeleka mapokezi, kwa yule dada anayegonga muhuri kila karatasi bila kusoma. Akagonga. Nilitoka hapo nikitembea kama mwenye kiwanda.

Madam alipoisikia hiyo barua aliwaka. Alinitoa kwenye kikundi cha WhatsApp cha shifti, kisha akarekodi sauti yake kuwatishia wenzangu. Lakini kwa hasira aliituma kwenye kikundi kingine, kile walichofungua wakati wa mazishi ya mume wangu na ambacho hakuna aliyekumbuka kukifunga. Mimi bado nilikuwemo. Sauti yake ikatoka chini ya picha ya marehemu: "Yeyote atakaa meza moja na huyo mjane, ajue kazi imeisha. Nitamsukuma mpaka aende mwenyewe." Alipoifuta, nilikuwa nimeshaihifadhi. Jamani, sijawahi kusikia kitu kitamu kama ile sauti. Nilikuwa naisikiliza kila asubuhi nikifunga gambuti.

Nikaipeleka ofisi ya kazi ya serikali. Kampuni ikaitwa, na sasa wanasema wako tayari kunirudisha mezani na kuniomba msamaha kwa maandishi, na Madam aende nyumbani. Lakini yeye amekana, anasema sauti si yake. Kwa hiyo Alhamisi saa tatu natakiwa nisimame mbele ya afisa wa kazi nithibitishe kuwa ni yake. Hakuna mwingine atakayethubutu.

Sasa sikieni. Wiki tatu zilizopita, Madam alifiwa na mume wake.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta mlangoni kwangu, amevaa nguo nyeusi, peke yake. Hakuingia. Mjane mpya haingii nyumba za watu, na yeye anayaamini hayo kweli. "Mama, yawa, nisaidie. Wakwe wanataka nitakaswe, na mimi sitaki. Mimi ni mtu wa kanisa. Wamesema nikikataa nitoke boma yao. Sasa na kazi pia iende? Watoto wangu nitawapeleka wapi? Alhamisi sema tu huna uhakika."

Mimi ni mtu wa kanisa! Maneno yangu yale yale, kwa mdomo ule ule ulionitenga. Nilicheka mbele yake, na sioni aibu kusema. Akaomba maji. Nikaingia ndani, nikatoa kile kikombe chenye rangi nyekundu. Nilikibeba kutoka kazini kama ushahidi. Nikamjazia. Alikitazama, akanywa yote, akanirudishia kwa mikono miwili. Hakusema pole. Alisema tu, "Alhamisi, tafadhali."

Admin, tangu hapo nafsi yangu imegawanyika. Sehemu kubwa inataka afukuzwe mchana, watu wakimwona. Sehemu ndogo inawaona watoto wake. Lakini nikisema sina uhakika, malalamiko yangu yamekufa, nami narudi kwenye mapipa, na yeye anabaki kuwa msimamizi wangu.

Mtakaoniambia nisamehe, niambieni pia nikishasamehe nitakaa meza gani. Alhamisi wataicheza ile sauti na kuniuliza ni ya nani. Ungekuwa wewe, ungejibu nini?