Nembo ya Wazee wa Kanoni

Mwenyekiti wa shirika alikuwa mama wa Muleba, Mlutheri, muuza vitenge pale Murongo, na hakuwa na muda wa kunibembeleza. Aliingia kwenye stesheneri yangu Kayanga akasema wanataka nembo. Shirika lao linawahudumia wazee walioachwa peke yao vibanjani, kwenye migomba yao ya nyumbani, watoto wao wakiwa mijini. Nikamjibu kwamba watoto wa siku hizi hawana haya. Nilisema kwa kujiamini kabisa, nyani haoni kundule.

Katika rasimu ya kwanza nilichora bibi kanyoosha mkono, na mkono mwingine mkubwa unashuka kumpa mkate. Mwenyekiti aliitazama kidogo tu.

“Huyu anaomba,” akasema. “Wetu hawaombi, mwanangu. Hawa wana watoto wao.”

Ya pili ilikuwa nyumba na jua linachomoza. Akaniuliza kama tunafungua chekechea. Nilinuna siku nzima, maana jua lile nililipenda.

Ya tatu niliipata nikikatiza kibanja cha jirani. Mgomba ulikuwa umeinama kwa mkungu mzito, nao umeegemezwa mti wenye panda usianguke. Huku kwetu nani hajawahi kukata mti wa namna hiyo? Nikauchora, na kwenye shina nikaweka chipukizi, kwa sababu mgomba bila chipukizi naona haujakamilika. Mwenyekiti alipoiona akasema twende tukawaonyeshe wazee wenyewe.

Tuliwakuta Kanoni, kwenye darasa moja, wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri sabuni na mablanketi. Kwetu wazee hawasalimiwi kwa jumla. Unapita kwa mmoja mmoja, unainama, unashika mkono. Nilikuwa nimefika katikati ya benchi la pili nilipojikuta mbele ya mama yangu mzazi.

Mama anaishi Rugu. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Krismasi, tena si Krismasi iliyopita. Simu zake nilikuwa napokea nikipata nafasi, na nafasi nilikuwa siipati. Nikaelewa papo hapo kwa nini alikuja kuchukua sabuni mbali hivyo. Rugu kila mtu anajua ana mtoto mwenye duka Kayanga.

“Shikamoo mama,” nikasema, kama nilivyowaambia wenzake.

“Marahaba, fundi.”

Akauachia mkono wangu upesi. Ningeweza kusema pale pale kwamba huyu ndiye aliyenizaa. Hakuna aliyenifunga mdomo. Nikahamia kwa mzee aliyefuata, na nilichokuwa nawaza, Mungu anisamehe, ni mwenyekiti angenionaje.

Nikaipitisha kompyuta yangu ndogo yenye ule mchoro mbele ya mabenchi. Waliipenda. Mmoja alisema mgomba ule ni yeye kabisa, na mgongo ndio huohuo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akanyoosha mkono.

“Ni nzuri,” akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kanisani. “Ila hicho kichipukizi, fundi, kitoe. Watu wakiona mtoto hapo wataulizana ni wa nani.”

Wazee wakacheka, wakasema kweli. Mwenyekiti naye akasema kweli. Mimi peke yangu nilijua ananifichia nini, na badala ya kukataa nilishukuru moyoni. Aibu hiyo ndiyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Nikaiweka kompyuta kwenye dawati lililokuwa mbele yake, nikakifuta, nikajaza rangi ya kijani pale kilipokuwa.

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akasimama kufunga kikao kwa sala. Akaniombea mikono yangu ibarikiwe, na abarikiwe mama aliyenilea vizuri namna ile. Mama akaitikia amina pamoja na wenzake.