Fuvu la Kwamboka

Kwamboka, nesi kutoka Kisii, hakuwa mpenda ugomvi, lakini ukimgusa pabaya utajuta. Mwaka 2014 alinakili kwa penseli mchoro wa kale wa Ulaya alioukuta kitabuni: Maria Magdalena, macho juu, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya fuvu la kichwa. Akautundika sebuleni kwake Abu Hamour, mtaa wa Doha alikofanya kazi, ambako jumuia yao ndogo ya Wakatoliki ilikusanyika kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko, baada ya misa.

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo, sala haikuanza. Wairimu, mwenyekiti wa jumuia, alilitazama lile fuvu akakunja uso. Alisema watu wameanza kunong'ona, kwamba mifupa ya watu ni kazi ya wachawi. Hakutaka makuu: Kwamboka alifute tu, achore ua mahali pake. Akikataa, jumuia itahamia kwingine. Akatoa kifutio mkobani. Kumbe alikuja amejiandaa.

Kwamboka aliogopa, na kwa nini asiogope? Doha hakuwa na ndugu. Hawa ndio waliomuuguza alipougua, ndio waliolia naye babake alipofariki. Lakini alipokiona kile kifutio, hasira zikampanda.

"Huo mkono wa kifuani mnaujua," alisema. "Ni huu wetu tunapoungama. Na hilo fuvu ni kifo, anakikumbuka ili atubu. Jumatano ya Majivu mnapakwa kifo hicho hicho kwenye paji la uso, na hamlalamiki."

Wairimu akasema si kila mtu ataelewa hivyo.

Kwamboka akajibu, "Nyumba ya nyanya yangu ilichomwa, akiitwa mchawi, kwa sababu ya mfupa uliokutwa uani. Ulikuwa wa mbuzi. Majirani walijua, wakanyamaza. Sifuti."

Wakaondoka mmoja mmoja, chai ikabaki kwenye thamosi.

Wiki iliyofuata aliuhamisha mchoro, akautundika mkabala na mlango ili kila anayeingia akutane na fuvu kwanza. Akapanga viti vyote. Akachemsha chai ya watu wote, kwa ukaidi tu.

Alikuja Wairimu peke yake. Alisimama mbele ya mchoro kwa kitambo, kisha akaketi, wakaanza sala. Walipofika kwenye maungamo, Wairimu alijipiga kifua kwa nguvu, machozi yakimtoka.

Kwamboka aliiacha mikono yake mapajani. Kwa hilo la fuvu, hakuwa na kosa la kuungama.