Mkono Usioogopa Moto

Katika arusi ya binti wa mkuu wa kijiji, wali wa wageni ulitoka na kiini kibichi, wakaula hivyohivyo. Jikoni, nyuma ya nyumba, wanawake walimenya vitunguu na kukuna nazi, na hapana aliyetamka kwamba jiko la katikati limekosa mwenyewe. Jina la Sarmi liliwakwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila mmoja alimeza mate juu yake.

Kwa miaka mingi hakuna karamu katika kijiji kile cha pwani ya Tuban iliyopikwa bila yeye. Wali ulipotoka kwenye kikapu cha mianzi ukifuka mvuke, wenzake waliusogelea kwa miiko na matambara. Sarmi aliutia mkono mtupu, akaupindua, akavunja mabonge bila haraka. Wazee walisema alifunga sana na kusali alipokuwa msichana, ndipo moto ukamwogopa. Yeye hakukanusha. Alikuwa mjane, hana mtoto wala shamba. Alichokuwa nacho ni mkono ule na heshima iliyofuatana nao.

Kisha vikaja vidonda. Vilianza kama vinundu vyekundu mikononi na kwenye miundi, vikauma kuliko jipu, vikapasuka, vikapoa, vikarudi na homa. Maumivu yalishuka kutoka kwenye kiwiko hadi kidole cha mwisho kama waya uliotiwa moto. Wali aliougusa ukaanza kubaki kwenye sinia.

"Yu Sarmi, pumzika kwanza, dada yetu," walimwambia, wakimwita Yu, yaani dada mkubwa, kwa ile sauti tamu ya kufukuzia.

Jiko lake likachukuliwa na Murtiah, mke wa ndugu ya marehemu mumewe. Waliishi ua mmoja na kuchukiana kwa bidii.

Sarmi alitaka jambo moja tu: ugonjwa upewe jina, na jina lipewe dawa, arudi jikoni. Zahanatini, muuguzi aliuona mgongo wake wenye michirizi myekundu ya sarafu, kwani nani pale anaumwa asikwanguliwe kwa sarafu na mafuta ili upepo mbaya utoke? Akafoka.

"Mnajichuna ngozi wenyewe, halafu mnakuja kutusumbua! Acha kujikwangua, utapona."

"Huo ni mgongo. Muundi je? Nani anakwangua muundi?"

"Kumbe daktari ni wewe?"

Akapewa mafuta ya upele. Daktari wa mjini hakumgusa. Alisema ni kamba, aache kula kamba. Akaacha, na vidonda vikaendelea kumla yeye. Mganga wa kienyeji ndiye pekee aliyempa jibu alilolipenda: ametupiwa uchawi, na aliyemtupia analala karibu. Sarmi hakuuliza jina. Alirudi akasimama katikati ya ua.

"Jiko langu umelichukua. Sasa unataka na ngozi?"

"Ngozi hiyo?" Murtiah alijibu kutoka ndani. "Hata mbwa wangu ataisusa."

Asubuhi moja homa ilimwangusha hata asiweze kuinuka mkekani. Hakuna mwanamke aliyetaka kumgusa. Aliyeingia na sarafu ni Murtiah.

"Geuka. Ukifia humu, watasema mimi ndiye niliyekuua."

Akakwangua kwa chuki, ukingo wa sarafu ukizama. Sarafu ilipofika begani, Sarmi alipiga ukelele.

"Unakwangua au unachinja?"

"Nyamaza. Upepo wako mzito kama roho yako."

Sarafu ikateremka chini ya bega, kwenye baka lililopauka. Sarmi akangoja maumivu. Hayakuja.

"Mbona umeacha? Umechoka mara hii? Ndiyo maana hata wali unakushinda."

Murtiah akainua sarafu. Sarmi alipogeuza shingo, aliiona sarafu imelowa damu.

"Yu, sikuacha." Murtiah akamshika mkono wa kulia, akaukandamiza kwa ukingo wa sarafu. "Na hapa?"

"Hapa wapi?"

Sarmi akauangalia mkono wake, akakumbuka mvuke, sifa, na malengelenge yaliyotoka usiku baada ya kila karamu, ambayo siku zote aliyaficha kwa kitambaa.

Murtiah alimpeleka zahanati bila huruma. Alitaka ijulikane kwamba si yeye aliyemroga.

"Mmekwanguana tena!" muuguzi akaanza.

"Ndiyo. Nimemkwangua mpaka damu na hakusikia. Mchome sindano palepale, halafu unifokee."

Muuguzi alichoma, akaona Sarmi hashtuki, akaenda kumwita daktari mgeni. Huyu alimgusa. Alimpitishia pamba ngozini, macho ya Sarmi yakiwa yamefumbwa, akapapasa mshipa wa fahamu uliovimba kiwikoni, akachukua tone la majimaji kwenye ndewe ya sikio. Baadaye akasema: ukoma. Ganzi ni ya miaka mingi. Vidonda na maumivu ni mwili ukipigana nao. Dawa ipo, na akiimeza hataambukiza mtu.

"Kwa hiyo hakuna aliyenitupia?"

"Hakuna."

Alijiona ameibiwa hata adui.

"Na mkono? Utarudi kuhisi?"

"Sidhani, mama. Usiutie kwenye moto tena."

Vidonda vilipofunga, ngozi ikiwa nyeusi kwa dawa, alikwenda kwenye karamu bila kuitwa, akaketi mbele ya jiko la katikati. Wanawake wakazisogeza mbali naye mbao zao za kukatia.

"Kumbe tulikuwa tunausifu ukoma," mmoja alisema, na kicheko kikazunguka.

Sarmi akasimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.

"Na mlikula," alisema. "Mkaomba na ukoko."

Hakurudi tena. Leo anaishi katika chumba kilekile, ndani ya ua wa Murtiah, vidole viwili vya mkono wa kulia vimekunjika. Karamu ikiisha, Murtiah humletea wali juu ya jani la mgomba, si kwenye sahani ya kurudishwa. Sarmi huula kwa kijiko.