Upara wa Cucu

Sisi tuliokulia Ruiru katika miaka ya hamsini, mkoloni alipotangaza hali ya hatari, tuliishi katika kijiji kilichozungukwa na handaki, na hata kwenda Thika kulihitaji kibali. Tulicheza mpira wa majani ya migomba baina ya vibanda vilivyobanana, tukala viazi vitamu vilivyochomwa jivuni, na nguo zetu zilinuka moshi mwaka mzima. Waliofia kizuizini hawakurudishwa. Ililetwa habari tu, na hiyo habari ndiyo iliyokuwa mazishi.

Habari ya baba yangu mdogo ililetwa asubuhi na askari ambaye hata hakushuka kwenye baiskeli. Cucu, yaani bibi yetu, mama yake, hakupiga yowe, kwa kuwa mayowe nayo yalikatazwa. Aliketi mlangoni akanyoa kichwa chote kwa wembe, kama mama zake walivyofanya walipofiwa.

Jumapili mzee wa kanisa alifika, Biblia kwapani. Baba, aliyeongoza darasa la Maandiko, alimpa kigoda.

“Mwalimu, Yeremia amesema hakuna atakayejinyoa kwa ajili ya wafu. Mama atubu mbele ya watu, la sivyo asiikaribie Meza ya Bwana.”

“Mwili mmeniletea?” Cucu aliuliza. “Nywele ndizo nilizobaki nazo, kijana. Nimempa hizo.”

Baba alifungua ukurasa taratibu, akausoma wote kimoyomoyo kabla ya kujibu.

“Torati inakataza, mzee, wala sibishi. Lakini Yeremia hapa haamuru, anatabiri maangamizi. Papo hapo anasema wafu hawatazikwa. Je, na kuzika tumekatazwa? Nabii anatuonyesha watu wakifa hata asibaki wa kuwanyolea. Hiyo ndiyo adhabu. Huyu mama amebaki, naye amenyoa.”

“Usinifanyie darasa, Mwalimu. Atubu.”

“Ngai, Mungu wangu! Nitubu kuzaa, au nitubu kufiwa?” Cucu alisema, akaendelea kumenya viazi.

Nimesoma wafasiri wengi tangu siku ile, wenye Kiebrania na wasio nacho, na sura ile bado naisoma kwa sauti ya Baba. Vijana wa leo hunyoa vipara kwa vinyozi wa Thika kila Jumamosi, wakapakwa mafuta hadi waakisi jua, wala hakuna mzee anayewauliza wanamlilia nani. Ni vyema wasiulizwe. Lakini zamani kichwa kitupu kilipopita njiani tulinyamaza, tukaacha hata mpira, kwa maana tulijua kuna nyumba iliyopungua mtu.

Cucu hakutubu. Alifariki mvua za masika zilipoanza, akiwa bado ametengwa, na mzee alikataza sala na nyimbo kaburini pake. Baba alinyoa kichwa, akamzika. Jumapili iliyofuata darasa la Maandiko lilipewa mtu mwingine.