Pampu Aliyonyimwa Mama wa Lituhi

Juma lililopita nilikuwa kwenye duka la vipuri hapa Mbinga, nikasikia mama mmoja wa Lituhi, kule ziwani, akimsalimu mwenye duka. Ana boti ya kasi inayobeba abiria na wagonjwa, na pampu ya usukani, ule unaogeuzwa kwa msukumo wa mafuta, ilikuwa imekufa.

"Shikamoo mzee. Naomba pampu ile pale, ya usukani wa boti," alisema, akinyoosha kidole kwenye rafu.

"Marahaba. Silinda yako ya usukani, ile inayogeuza injini kule nyuma, ina unene gani?"

Mama akakunja ngumi kumwonyesha. Mzee akatikisa kichwa. "Pampu hii ni ndogo, itasukuma mafuta kidogo kidogo. Utazungusha usukani mara nane ndipo boti ikate kona."

"Lakini itafungika?"

"Kufungika itafungika. Jiwe likitokea mbele, utawahi?"

Mama alikunjua ngumi. "Nina watu mle botini," alisema taratibu. "Basi niagizie inayolingana. Nitasubiri."

Zamani tulipanga foleni tukaambiwa hakuna. Siku hizi rafu zimejaa vitu vya kila nchi. Mwenye duka anayejua kipi asimuuzie nani, huyo bado ni adimu.