Kirangozi Hayumo Jiweni

Mpaka leo nikisikia mtu anasema mzungu fulani "alifungua njia" ya kutoka pwani mpaka ziwani, hasira zinanipanda upya. Alifungua nini? Kwani ilikuwa imefungwa na nani?

Nilikuwa nasomea uuguzi Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikikaa chumba cha kupanga Shard End na muuguzi mwenzangu, Mkenya wa Machakos. Mimi kwetu Tabora. Jumapili moja mchungaji wa kanisa fulani la Sutton Coldfield, mji wa wenye nazo, alitualika chai. Akatueleza kwamba kanisa lake liliwahi kumtuma mmisionari kwetu zamani za misafara ya miguu, kabla ya reli, na sasa waumini wameunda kamati ya kuikumbuka njia aliyopita. Watasimamisha jiwe lenye maandishi uwanjani pa kanisa. Siku ya kulizindua watafanya maandamano: mmoja wao atavaa kama mmisionari, na sisi wawili, tukipenda, tutamfuata nyuma na masanduku kichwani.

Mwenzangu aliweka kikombe chini. "Mimi sibebi," akaniambia kwa Kiswahili, akitabasamu ili wenyeji wasishtuke. "Nimebeba mabeseni ya wagonjwa wiki nzima, na bado nibebe sanduku la marehemu? Si waajiri punda?"

Mimi sikucheka. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa kirangozi. Si kiongozi huyu wa kukaa kwenye kiti. Kirangozi alitangulia mbele ya msafara akiwa na bendera; yeye ndiye aliyejua maji yako wapi, kijiji gani kina njaa, na mtemi gani kakasirika na asipitiwe mlangoni. Na ilikuwa mwiko kumpita. Mpagazi akijitia kiherehere akamtangulia, alitozwa faini. Babu aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake mpaka magoti yakakataa, yamevimba kama maboga. Sijui kama yeye ndiye aliyemwongoza mmisionari wao, maana wamisionari walikuwa wengi. Lakini mtu alimwongoza. Mzungu hakuiota ile njia usingizini.

Basi nikamwambia mchungaji: sanduku nitabeba. Ila jiweni, chini ya jina la mmisionari, waandike neno kirangozi. Neno moja tu, hata bila jina la mtu. Akalirudia polepole, likampendeza, akasema bila shaka litaandikwa. Tukapeana mikono.

Sasa, kamatini mlikuwa na bibi mmoja. Aliishi Tanganyika miaka mingi na mumewe, mwenye shamba la mkonge, na pale kanisani walimwona ndiye bingwa wa Kiswahili. Siku ile ile ya chai alitupigia kelele toka upande wa pili wa ukumbi: "Jambo! Wewe nakuja hapa! Leta chai!" Kisha akawageukia wenzake, uso umemng'aa, nao wakampigia makofi. Ebo! Tangu lini mgeni aliyealikwa chai ndiye anayeileta? Nilikuwa naanza kuinuka nimjibu, mwenzangu akanibana mkono. "Asiyejua maana haambiwi maana," akaninong'oneza. "Tulia, dada."

Nikatulia. Nilikuwa na neno langu la kulinda.

Siku ya uzinduzi ilinyesha mvua ya kwao, ile nyembamba isiyokatika. Nilitoka zamu asubuhi, nikapanda basi na mwenzangu, ambaye alikuja kutazama tu. Mbele alitangulia mwanamume mmoja wa kamati aliyevaa kofia ya jua na ndevu za bandia, gundi inamwachia kwa mvua. Hata njia ya kuzunguka kanisa lake mwenyewe ilibidi aonyeshwe kwa kidole. Nyuma yake mimi. Sanduku nililiweka begani, kwa sababu Wanyamwezi mzigo wa safari hatuubebi kichwani, tunaubeba begani. Babu alikuwa na sugu pale, nilizoea kuishika nikiwa mtoto. Yule bibi akanijia mbio na mwavuli wake. "Hapana! Kichwa! Weka kichwa!"

Nikajifanya kiziwi. Moyoni nilikuwa nasema, vumilia mama, neno liko jiweni.

Wakavuta shuka lililolifunika jiwe. Jina la mmisionari kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa Kiingereza, kwamba alifungua njia. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: na watumishi wake waaminifu.

Nilisoma tena nikidhani macho yamechoka kwa zamu. Kisha nikalitua sanduku kwenye tope, nikamuuliza mchungaji mbele ya watu wote, neno letu liko wapi? Akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema kamati ilitaka kuwa na uhakika, ikamuuliza bibi, na bibi amewaambia hakuna neno kama hilo katika Kiswahili. Ameishi kule miaka yote hiyo na hajapata kulisikia.

Loh! Damu ilinichemka. Nikawaambia kwa Kiingereza, na sikuishusha sauti, kwamba babu yangu hakuwa mtumishi wa mtu. Hakumfulia mzungu soksi wala kumpikia uji. Alitangulia, wao wakafuata, na wasingefuata wangekufa kwa kiu porini, jiwe hili lisingekuwepo na keki zenu hizo za sherehe zisingekuwepo! Mnanibebesha sanduku kama kichekesho, halafu neno moja mnaninyima?

Bibi akajipenyeza katikati ya watu, akaninyooshea kidole. "Wewe! Wacha kelele! Beba sanduku!"

Kamati nzima ikamgeukia bingwa wake, ikisubiri amalizane nami. Nikamsogelea mpaka tukawa chini ya mwavuli mmoja, nikamwambia taratibu, kama ninavyomsemesha mgonjwa:

"Sema tafadhali."

Alinikodolea macho. Kisha akamgeukia mwenzangu, akamuuliza kwa Kiingereza hilo "tafadhali" maana yake nini.