Mawe ya Mwezini na Jiwe la Pito

Kwenye duka la ushirika la Chanji, foleni ya mafuta ya taa hupangwa kwa mawe. Unakuja alfajiri, unaweka jiwe lako, unakwenda shambani. Mimi na digrii yangu, tusio na shamba wala kazi, tulisimama kwa miguu yetu.

Redio ya muuzaji ikatangaza kwamba Wamarekani wamerudi na mawe kutoka mwezini.

"That is progress!" akashangilia afisa mmoja wa wilaya, huku akilisukuma kwa kiatu jiwe lililokuwa mbele yake. Akasogea.

Mwenye jiwe akafika, mama mmoja kutoka kijiji cha Pito. "Mwanangu, hapo ni pangu. Binti yangu ameshikwa na uchungu, nyumbani hakuna taa."

"Mama, hilo ni jiwe tu."

"Na hayo ya redioni?"

"Yale yamegharimu mamilioni!"

"Mamilioni hayo yangewasha taa Ufipa nzima," mtu akadakia nyuma.

Tukacheka sote. Hakuna aliyempisha mama. Afisa akajaziwa chupa yake, mafuta yakaisha. Mama akaliokota jiwe, akaliweka mlangoni, zamu ya kwanza ya kesho. Uchungu haungoji kesho.

Sina ugomvi na mwezi. Nimechoka tu na sisi wasomi, tunaoheshimu jiwe pale tu linapotoka mbali kuliko Pito.